Kaseti ya Dansi Iliyo Chini ya Kitanda

Mwanzoni mwa upande wa pili mwimbaji ana sauti ya mtu mzima. Dakika ishirini baadaye amekuwa kijana, na kaseti inapokaribia kuisha anaimba kama mtoto wa darasa la tatu, gitaa la solo nalo linakimbia kana kwamba linafukuzwa. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Kibirichia tuliamini kaseti ile imeharibika. Ilikuwa nzima. Usiku ule mjomba alirekodi dansi kwa redio kaseti ya betri, na betri zilikuwa zinakwisha. Kadiri nguvu zilivyopungua ndivyo mota ilivyovuta utepe polepole, na utepe uliorekodiwa polepole ukipigwa kwa mwendo wa kawaida, sauti hupanda na muziki huenda mbio. Dansi yote ilikuwa mle ndani, ikisubiri mtu wa kuirudisha kwenye mwendo wake.

Nawaandikia wenye kaseti kama hiyo. Huku kwetu, kuanzia Kibirichia hadi Timau na kushuka Meru mjini, ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani: kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, kwenye kabati la vyombo, kwenye mfuko wa nailoni uliotundikwa darini juu ya jiko la kuni. Ni kanda za bendi zilizopiga kwenye kumbi za sokoni, kwenye baa, kwenye harambee na harusi. Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilijiita Jazz hata kama hazikupiga jazz ya Wamarekani: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Victoria Jazz na Shirati Jazz za upande wa ziwa, na OK Jazz ya Kinshasa ambayo kila mpiga gitaa alitaka kuifikia. Neno hilo lilimaanisha magitaa, tarumbeta au saksafoni, dramu, na watu waliokuja kucheza mpaka kuche. Sahani za santuri zilizotengenezwa Nairobi zilibakiza nyimbo. Usiku wenyewe, pamoja na wimbo uliorefushwa dakika kumi na mbili kwa sababu watu walikataa kukaa, ulibaki kwa yule aliyeweka redio kaseti juu ya meza na kubonyeza kitufe chekundu.

Jambo la kwanza ninalomwomba kila mwenye kaseti linamshangaza, kwa sababu halihusu kaseti. Nenda kwa wazee kwanza. Utepe uliotunzwa kiasi unaweza kungoja mwaka mwingine au mitano. Aliyepiga besi usiku ule ana miaka themanini. Chukua daftari, kaa naye mchana mtulivu, muulize: ukumbi gani, mwezi wa mavuno au wa mvua, bendi ilikuwa na watu wangapi, nani alisimama wapi, vyombo vya nani, stima au jenereta, bendi ilifungua kwa wimbo gani na kufunga kwa upi. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini kila moja ni chombo cha kazi baadaye. Ukijua palikuwa na jenereta, utajua usiamini mvumo wa umeme ulio kwenye utepe. Ukijua mpiga saksafoni alisimama kushoto karibu na mlango, utaelewa kwa nini kaseti moja inamsikia na nyingine haimsikii. Usimchezee chochote siku hiyo ya kwanza. Akisikia kaseti kabla ya kusimulia, atakusimulia kilichomo kwenye kaseti tu, na vile ambavyo kaseti haikuvishika vitapotea.

Sasa shika kaseti yenyewe, na kabla ya kuiweka kwenye mashine yoyote vunja vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa mgongo wake. Bila vibanzi hivyo mashine haiwezi kurekodi juu yake. Nimemwona mtoto akibonyeza kitufe kisicho chake na mahubiri ya redioni yakameza sekunde arobaini za gitaa. Hakuna programu duniani inayorudisha kilichofutwa namna hiyo.

Kisha itazame kwenye mwanga. Unga mweupe au kijivu ukingoni mwa utepe ni ukungu, na Kibirichia ukungu si ajabu: mchana bati la paa linapata joto, usiku baridi ya mlima inashuka, na unyevu unakaa kwenye kila kilichofungwa. Kaseti yenye ukungu usiipige kwenye mashine nzuri, maana utaambukiza kaseti zote zitakazofuata. Vaa barakoa, itenge, iache ikauke mahali penye hewa na kivuli, kisha ung'oe unga kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Ikiwa utepe umejikunja, tumia kalamu ya Bic, ile ya pembe sita tuliyoitumia sote shuleni, uuzungushe kwa mkono mpaka ukae sawa. Izungushe kaseti nzima mbele na nyuma polepole mara moja kabla ya kuipiga, maana tabaka zilizokaa miaka thelathini zikibanana huwa zimeshikana.

Mara nyingi kinachokufa ni ganda, na utepe uko salama. Kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe dhidi ya hedi hubanduka, na sauti inakuwa hafifu, ya mbali, inayokuja na kwenda. Watu husikia hivyo wakatupa kaseti. Nunua kaseti nyingine ya bei nafuu iliyofungwa kwa skurubu tano, ifungue, toa utepe wake, hamishia ndani utepe wako ukiangalia usipindue. Ganda likiwa lilibandikwa kwa gundi badala ya skurubu, lipasue taratibu kwa kisu butu kwenye mshono. Utepe ukiwa umekatika, uunge kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo usiogusa hedi. Selotepu ya dukani usiikaribishe: gundi yake hutoka kando baada ya miezi, ikashikana na tabaka inayofuata, na siku utakapoipiga itang'oa muziki kwenye plastiki.

Rili ni habari nyingine. Mwenye rili kubwa za redio au za studio asiguse kitu kabla ya kunusa. Harufu ya siki inaonyesha kuwa utepe wa asetati unaoza. Utepe unaonata na kulia kama mlango mkavu, hasa wa miaka ya 1970 na 1980, gundi inayoshikilia chembe za sumaku imekunywa unyevu, na mafundi huupasha joto la nyuzi hamsini na kidogo kwa saa nyingi ndipo waupige. Hiyo ni kazi ya tanuri maalumu na mtu aliyeifanya kabla. Oveni ya jikoni itaukunja, na utepe wa asetati haupashwi joto kabisa. Mwenye rili amtafute fundi.

Tukirudi kwenye kaseti, mashine ndiyo sehemu ambayo watu hubania pesa, nao hukosea. Vile vidude vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta vinavyouzwa kwa bei ya kuku wawili vina mota dhaifu, na mwendo wake unayumba. Afadhali utafute deki ya zamani ya meza, ile kubwa iliyokaa sebuleni chini ya televisheni, umpelekee fundi abadilishe mikanda ya mpira, kwani mipira yote ya umri huo imelegea. Safisha hedi na rola kwa pamba ya masikio na spiriti safi. Utashangaa rangi ya kahawia itakayotoka.

Halafu kuna skurubu moja. Kando ya hedi iko skurubu ndogo yenye springi, na hiyo ndiyo inayoamua hedi inasimama wima kiasi gani mbele ya utepe. Redio kaseti ya mjomba iliinamisha hedi yake kwa pembe yake, pengine kwa sababu iliwahi kuanguka. Deki yako ina pembe nyingine. Pembe zikitofautiana, sauti kali zote hufa: matoazi yanakuwa kama mchanga, herufi za mwimbaji zinapotea, na mtu anasema "kaseti imechakaa". Vaa spika za masikio, piga sehemu yenye matoazi, zungusha skurubu hiyo kidogo sana kushoto na kulia mpaka matoazi yafunguke. Mara ya kwanza niliposikia yakifunguka niliondoa spika masikioni nikageuka nyuma kuona nani ameingia. Kazi hii hufanywa upya kwa kila kaseti, na hufanywa kabla ya kunakili, kwa sababu ukali ambao hedi haikuusoma kompyuta haiwezi kuubuni.

Redio kaseti nyingi za zamani zilirekodi sauti moja, bila kushoto na kulia, na deki yako itasoma njia hiyo moja kana kwamba ni mbili. Usizichanganye. Sikiliza kila njia peke yake, uchague iliyo safi zaidi, kwa maana zikijumlishwa huku pembe haijakaa sawasawa zinakatana na kuua tena ule ukali uliouokoa.

Nakili kwenye kompyuta kwa WAV, biti 24, kilohezi 96 ukiweza au 48 usipoweza. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa kiwango cha juu inakula takriban gigabaiti 2, ambazo leo ni kitu kidogo kwenye diski ya kawaida. Acha nafasi juu, usiifanye sauti ifike ukomo. Nakili upande mzima bila kusimamisha, tangu ule mshindo wa kitufe hadi utepe unapokata, pamoja na kimya, vikohozi na mtu anayeuliza kama inarekodi. Programu ya Audacity inatosha kwa kazi hii na ni ya bure. Faili hiyo ya kwanza ipe jina, uiweke mahali, usiiguse tena. Kila utakalofanya baadaye lifanyie nakala yake.

Nasisitiza hapa kwa sababu niliumia. Miaka ya nyuma, kabla sijajifunza kazi hii, nilipeleka kaseti mbili za familia kwenye duka moja mjini. Nilirudishiwa sidii moja. Aliyeshughulikia aliondoa mchakacho wa utepe kwa nguvu kiasi kwamba waimbaji walisikika kama wako chini ya maji, akakata makofi yote kati ya nyimbo ili zipendeze, akahifadhi kwa MP3. Nilipouliza kaseti zenyewe, zilikuwa zimetupwa. Yule kijana hakuwa na nia mbaya, alidhani amenifanyia usafi. Ndiyo maana nakwambia usafi uje mwisho, na uje kwenye nakala.

Baada ya kunakili, rekebisha mwendo kabla ya kitu kingine chochote. Njia nzuri kuliko zote ni ule mvumo wa stima unaochukiza watu. Stima ya Kenya huvuma kwa hezi 50, na amplifaya za bendi ziliuingiza mvumo huo ukumbini pamoja na muziki. Fungua picha ya masafa kwenye programu, tafuta mstari mwembamba ulionyooka chini kabisa. Ukiukuta kwenye 53, basi utepe wako unakwenda mbio kwa asilimia sita, ambayo ni karibu nusu toni nzima. Urudishe mpaka mstari ukae kwenye 50. Kwenye kaseti ya betri zilizokwisha mstari huo unapanda polepole kama barabara ya kutoka Meru, nawe unaufuata dakika kwa dakika, ukipunguza mwendo kidogo mwanzoni na zaidi mwishoni, mpaka ulale. Usiku wa kwanza nilipofanya hivyo kwa kaseti ya mjomba, mwimbaji alikuwa mtu mzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Palipokuwa na jenereta, mvumo unafuata injini na injini hufuata dizeli, kwa hiyo haukusaidii. Hapo tumia masikio na daftari lako la mwanzo. Bendi zetu zilipiga nyimbo za wengine pamoja na zao: za akina Kinyonga waliotoka Tanga na kuunda Simba Wanyika mwaka 1971, za Les Wanyika waliojitenga mwaka 1978, za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Ikiwa wimbo huo uko kwenye santuri, linganisha ufunguo. Usiamini moja kwa moja, kwa kuwa mwimbaji mwingine hushusha wimbo kulingana na koo lake, ila magitaa hayadanganyi sana: nyuzi zinazoachwa wazi zina mlio wake, na mpiga gitaa mzee akisikia atakwambia mkono ulikuwa wapi. Mlete. Mpe gitaa. Mwambie apige pamoja na kaseti, umtazame uso anapohisi kuwa ni juu mno.

Huenda una bahati kubwa zaidi: kaseti mbili za usiku mmoja. Jambo hili si nadra, kwa sababu redio kaseti zilipozagaa kila mtu alitaka ya kwake. Hapa nataka nikusimulie kisa cha Duke Ellington. Tarehe 7 Julai 1956 bendi yake ilipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, na mpiga saksafoni Paul Gonsalves akapiga solo ya mizunguko 27 bila kushuka, watu wakasimama juu ya viti. Ila alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni isiyo ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi. Ile ilikuwa ya redio ya Sauti ya Amerika. Kwenye sahani iliyotoka mwaka huo solo yake inasikika kutoka mbali, na sehemu kubwa ya sahani hiyo ilirekodiwa upya studioni siku mbili baadaye, ikatiwa makofi. Miaka ya 1990 utepe wa Sauti ya Amerika ukapatikana, na mtayarishaji Phil Schaap akaulinganisha na ule wa Columbia, mmoja ukawa kushoto na mwingine kulia. Toleo lake lilitoka 1999. Baada ya zaidi ya miaka arobaini Gonsalves akasikika mbele ya maikrofoni yake.

Kazi hiyo hiyo unaweza kuifanya juu ya meza yako. Kaseti moja ilikuwa karibu na spika ikashika gitaa na mwimbaji, nyingine ilikuwa meza ya nyuma ikashika dramu, tumba na watu. Kwanza zirekebishe mwendo kila moja peke yake. Kisha tafuta kitu kifupi na kikali kinachosikika kwenye zote mbili, kwa mfano vijiti vya dramu vinapogongana kuhesabia wimbo, uzipange hapo. Baada ya dakika moja zitakuwa zimeachana, kwa kuwa hakuna mota mbili zinazolingana. Usikate tamaa. Zifunge tena kwenye kila wimbo, na ndani ya wimbo kwenye kila pigo kubwa, ukinyoosha au kubana sehemu ndogo ndogo. Dansi ya saa mbili iliwahi kunichukua jioni za wiki sita. Upande mmoja ulipokatika kwa kugeuzwa kaseti, ule mwingine ulikuwa unaendelea, na shimo likazibika kwa sauti ya usiku uleule.

Shimo lisilo na kaseti ya pili liache. Ndugu yangu, najua kishawishi kilivyo. Unao wimbo huohuo kwenye santuri, safi, na ungeweza kuuchomeka pale watu wasijue. Usifanye. Weka kimya cha sekunde mbili, uandike kwenye daftari kwamba kaseti iligeuzwa hapa. Walioongeza makofi ya uongo kwenye dansi ya Newport walikuwa na vyombo bora kuliko vyetu sote, na bado kazi yao ilibidi ifumuliwe.

Sasa usafi. Tafuta sekunde chache kabla bendi haijaanza, penye mchakacho wa utepe peke yake, uifundishe programu kwamba hiyo ndiyo takataka. Kisha punguza kidogo, desibeli 6 hivi. Audacity inakuruhusu kusikiliza kile inachoondoa, na hicho ndicho kipimo changu: ukisikia pumzi ya mwimbaji au ukali wa tumba ndani ya takataka, umezidisha, rudi nyuma. Mvumo wa stima ulioutumia kama rula unaweza sasa kuupunguza kwa kichujio chembamba cha hezi 50, na 100 na 150 zinazoufuata, ukiangalia usiumize besi. Redio kaseti nyingi zilijirekebisha sauti zenyewe, kwa hiyo dramu ikigongwa kila kitu kinazama kisha kinapanda. Hilo mimi huliacha kwa sehemu kubwa. Siku hizi pia ziko programu zinazotenganisha mwimbaji na vyombo. Programu ya namna hiyo ndiyo iliyotoa sauti ya John Lennon kwenye kaseti ya nyumbani ya miaka ya 1970, wimbo ukatoka kwa jina la Beatles mwaka 2023. Zitumie ukitaka kusikia maneno ya wimbo uyaandike. Dansi nzima usiipitishe humo ukaiita ya asili, kwa kuwa programu hizo hubahatisha pale zisiposikia.

Na vigelegele usiviondoe, wala chupa, wala mtu anayepiga mluzi karibu na maikrofoni. Nimesikiliza kanda nyingi za studio za Radio Tanzania, ambako bendi zilipiga wimbo mzima kwa pamoja moja kwa moja kwenye utepe, na ni muziki mzuri mno. Lakini kwenye kaseti yako mpiga solo anasikia watu, na ukisikiliza vizuri utamkamata akirudia fungu kwa sababu kundi la kona fulani limelipokea. Ukiwafuta watu, solo hiyo inabaki bila sababu ya kuwa ndefu hivyo.

Andika lebo. Mwaka 1957 wanamuziki wa jazz Thelonious Monk na John Coltrane walipiga pamoja ukumbi wa Carnegie Hall, Sauti ya Amerika ikarekodi, na boksi likakaa kwenye Maktaba ya Bunge ya Marekani mpaka Larry Appelbaum, mfanyakazi wa maktaba hiyo, alipolifikia mwaka 2005. Lilikuwa kwenye rafu wakati wote huo, ila maneno machache yaliyoandikwa juu yake hayakumwambia mtu kilichomo. Kwenye kila faili na kila kaseti andika bendi, mahali, mwaka au makisio ya mwaka, nani alirekodi kwa mashine gani, nani alitaja majina ya nyimbo, na kila ulichobadilisha. Tenganisha ulichosikia na ulichoambiwa. Wazee wawili wakitofautiana juu ya jina la wimbo, andika yote mawili.

Aliyerekodi anamiliki kaseti. Nyimbo ni za waliozitunga, na upigaji ni wa waliopiga. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hiyo kabla ya kupandisha chochote mtandaoni, nenda kwa wanamuziki au watoto wao, kaa chini, mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi. Wapelekee nakala kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwaka 2014 shirika la Ketebul Music la Tabu Osusa, pamoja na maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini, walizirudisha vijijini Kenya sauti ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizirekodi miaka ya 1950, wakawatafuta wenyewe na jamaa zao. Jamaa walikuwa wamengoja zaidi ya miaka sitini. Wewe unaweza kufika kwa bodaboda.

Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Watoto walioko Nairobi au ng'ambo wapewe moja. Nyaraka za Taifa, Moi Avenue jijini Nairobi, ni mahali pa kuulizia ikiwa una mkusanyo mkubwa. Kaseti zenyewe usizitupe hata baada ya kunakili; zisimamishe wima ndani ya makasha yake, mbali na spika na moshi wa jiko, mahali penye giza kama stoo ya viazi vya kula, ila pakavu kuliko stoo hiyo.

Kaseti mbili za dansi nyingine zilinishinda kwa jambo moja: sikujua ipi ilitangulia, maana hakuna aliyeandika. Nilimwalika mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa kijana wa kupakia magunia siku hizo, nikamketisha na chai nikaanza kupiga. Alisikiliza nyimbo nne bila neno. Kati ya wimbo wa nne na wa tano, mtangazaji anasikika akimwomba mwenye lori la viazi alilosimamisha langoni aliondoe, magari yanashindwa kuingia. Mimi nilikuwa karibu kulikata tangazo hilo, kwa sababu linafunika mwanzo wa gitaa.

Mzee aliweka kikombe chini. "Hilo lori letu," akasema. "Tulilitoa kabla ya saa nne, tulikuwa tunawahi soko la Nairobi. Kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza. Rudisha nyuma kidogo, nisikie tena anavyoliita."

Nikarudisha. Nikaandika kwenye daftari: kaseti ya kwanza, upande wa kwanza, dakika 31.